Unga umeingia nyumbani: mwongozo kwa mzazi, mke na ndugu

Familia nyingi za pwani zikishagundua kwamba kijana wao anatumia unga, hukimbilia jambo lile lile. Wanamfungia chumbani, mjomba mwenye nguvu analala mlangoni, na kwa wiki nzima nyumba haina usingizi kwa kilio chake na kutapika. Siku ya nane au ya tisa anatoka. Amekonda, lakini macho yamefunguka, anamaliza sahani yake, anawaamkia wakubwa mmoja mmoja, na mama anachinja kuku kwa furaha. Wiki mbili baadaye mama huyo anapigiwa simu: mwanawe amekutwa maskani, sindano ingali mkononi, hapumui.

Mwongozo huu ni wa mama huyo, na wa kila baba, mke, dada na shangazi aliye kwenye hali kama yake. Nitazungumzia zaidi heroini, kwa sababu ndiyo inayoua ghafla vijana wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar, Mombasa na Malindi, na kwa sababu ina tiba inayofanya kazi kweli. Neno langu ni hili: arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa, ikiisha, mtu hajapona. Hatari kubwa ya kufa huanza hapo hapo inapoisha, na kazi ya familia ni kumfikisha kwenye tiba ndefu na kumbakiza humo akiwa hai.

Kinachotokea mwilini

Heroini hutokana na afyuni. Inayotufikia imetoka zaidi Afghanistan, ikapakiwa majahazini kwenye pwani ya Iran na Pakistan na kuvuka Bahari ya Hindi. Iliingia miji yetu katika miaka ya 1980. Mwanzoni watu waliivuta, wakiichanganya na bangi na tumbaku katika msokoto mmoja, ile inayoitwa kokteli. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 kujidunga kulikuwa kumeenea, na pamoja nako Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya C.

Ubongo wa kila binadamu una vipokezi vya kemikali ambazo mwili wenyewe huzitengeneza ili kutuliza maumivu. Heroini huvikamata vipokezi hivyo kwa nguvu ambayo kemikali za mwili haziwezi kuifikia. Maumivu ya mwili yanazimika, na ya moyo pia, na hilo la pili ndilo linalowafanya wengi warudie. Tatizo ni kwamba vipokezi hivyo viko pia kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Dozi ikizidi, mtu anasinzia, pumzi zinapungua, kisha zinakoma. Wengi wanaokufa kwa heroini hufa hivyo, kimya kimya, wakidhaniwa wamelala.

Anayetumia kila siku, ubongo wake hujirekebisha. Kete iliyomtosha mwezi uliopita haimtoshi leo. Baada ya muda hatafuti tena raha, anatafuta asiugue. Akikosa, ndani ya muda wa saa 8 hadi 24 arosto inaanza: miayo isiyokwisha, kamasi na machozi, vinyweleo kusimama, jasho la baridi, tumbo kukata na kuharisha, mifupa kuuma, miguu kurusharusha kitandani. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Kati ya siku ya saba na ya kumi mwili unatulia. Ni mateso makubwa, ila kijana asiye na ugonjwa mwingine, anayekunywa maji ya kutosha, ni nadra kufa kwa arosto ya heroini.

Baada ya hapo yanabaki mambo mawili ambayo familia haiyaoni. La kwanza ni hamu. Usingizi unakuwa mbovu kwa miezi, chakula hakina ladha, moyo ni mzito, na kona fulani ya mtaa au sura ya rafiki wa zamani inatosha kuiamsha hamu yote upya. La pili ndilo linaloua: mwili umeshapoteza ule uzoefu wa dozi. Kipimo alichokuwa akijidunga kila asubuhi kabla ya kufungiwa, sasa kinaweza kumzima kwa dakika chache.

Watafiti waliowafuatilia wafungwa walioachiwa huru katika jimbo la Washington, Marekani, walichapisha matokeo yao mwaka 2007. Katika wiki mbili za kwanza nje ya gereza, uwezekano wa wafungwa hao kufa kwa kuzidisha dawa ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo. Kwa hiyo anayetoka jela, anayetoka soba (nyumba ya wanaoacha dawa), anayerudi kutoka kijijini na anayetoka kwenye chumba ulichomfungia wewe, wote wako kwenye hatari hiyo hiyo. Wiki hizo mbili zinataka macho ya watu wengi kuliko zile siku za arosto.

Kwa nini yeye, si kaka yake?

Swali hili huwala wazazi usiku. Nusu ya jibu, kwa makadirio ya wataalamu, iko kwenye urithi wa damu: kuna watu ambao mwili wao hukamatwa upesi, na hakuna anayewajua kwa sura. Nusu nyingine ni umri alioanzia, kwani ubongo wa kijana wa miaka 15 haujakomaa. Ni kipigo au unyanyasaji wa utotoni aliounyamazia. Ni msongo wa mawazo ambao haukutibiwa. Na ni maskani aliyokaa. Watoto wawili waliolelewa nyumba moja, kwa mkono mmoja, wanaweza kuvuta siku moja na mmoja wao akaishia hapo hapo. Ukitafuta kosa la malezi hutakosa kuliona, kwa sababu hakuna mzazi asiye nalo. Lakini halitakusaidia kumtibu.

Mazingira yana uzito wake. Serikali ya Marekani ilipowapima askari wake waliotoka vitani Vietnam mwaka 1971, mtafiti Lee Robins alikuta kwamba karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini akiwa huko. Waliporudi makwao, ni wachache tu kati ya hao, kama asilimia 5, waliorudia uraibu ndani ya mwaka wa kwanza. Ndiyo maana kumpeleka kijana kwa babu yake Kilosa au Lushoto huonekana kumsaidia. Lakini angalia tofauti: askari wale waliiacha Vietnam moja kwa moja, wakarudi kwenye kazi na familia. Kijana wako atarudi Magomeni au Majengo alikotoka, kwa watu wale wale, akiwa na mwili uliosahau dozi. Safari ya kijijini isiyo na mpango wa kurudi inampeleka kwenye zile wiki mbili.

Dalili, na namna ya kuzungumza

Aliyetumia muda mfupi uliopita, mboni za macho yake huwa vitone vidogo hata penye giza. Anasinzia katikati ya sentensi kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Anajikuna pua na kifua. Anapata choo kigumu. Anavaa mikono mirefu mwezi wa Februari. Nyumbani utaona vipande vya karatasi ya fedha ya kufungia sigara, kijiko kilichoungua upande wa chini, vipamba vidogo, bomba la sindano nyuma ya tangi la choo. Halafu vitu vinaanza kutembea: simu, pasi, mtungi wa gesi. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Kifua kikuu kinakondesha, na kijana anayefanya kazi ya usiku anasinzia mchana. Usimtuhumu mtu kwa macho mekundu tu.

Daktari ataangalia zaidi ya hapo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, unaotumiwa katika nchi nyingi, una vigezo 11. Miongoni mwake ni kutumia zaidi ya alivyokusudia, kujaribu kupunguza na kushindwa, kumaliza siku nzima akihangaikia dawa, kuacha kazi au masomo, kuendelea hata baada ya kuona madhara, kuhitaji dozi kubwa zaidi, na kupata arosto. Mwenye viwili au vitatu ana tatizo la kiwango kidogo, vinne au vitano ni wastani, na sita au zaidi ni kali. Nakutajia hesabu hii kwa sababu moja: ugonjwa huu una ngazi, na anayevuta mara moja moja mwishoni mwa wiki anaweza kusaidiwa kabla hajafika kwenye sindano. Usisubiri aharibike kabisa ndipo aonekane anastahili tiba.

Ukitaka kuzungumza naye, chagua saa. Akiwa na stimu hakusikii. Akiwa kwenye arosto atakuahidi chochote ili apate hela ya kete. Subiri ametulia, wawili tu, bila wadogo zake na bila majirani. Sema ulichokiona kwa macho yako, usiseme ulichoambiwa mtaani.

“Baba, kaa hapa kidogo,” mama anaweza kumwambia mwanawe. “Nimekuta bomba na kijiko nyuma ya tangi. Sikufukuzi, na sijamwita mtu. Nataka unijibu mambo mawili: unatumia mara ngapi kwa siku, na je, mnachangia sindano?”

“Si zangu, mama. Ni za rafiki yangu.”

“Sawa. Siku utakayokuwa tayari twende hospitali, nauli nimeshaitenga.”

Basi, yaishie hapo kwa siku hiyo. Usimwapishe, usimlazimishe aape msikitini wala kanisani. Kiapo alichokivunja kwa sababu ya ugonjwa humfanya ajifiche zaidi. Rudi kwenye mazungumzo baada ya siku chache, kwa sauti ile ile.

Kumpiga, kumfunga mnyororo na kumtangaza kwa majirani kuna madhara ambayo huwezi kuyarekebisha. Kijana aliyejulikana mtaa mzima kuwa teja ndiye wa kwanza kukimbizwa kuku wa mtu anapopotea, na wote tunajua kelele za mwizi huishia wapi. Hapohapo, kumlinda si kumpa fedha mkononi. Ukitaka ale, mpikie. Ukitaka aende kliniki, panda naye daladala ulipe mwenyewe. Dhahabu za harusi na kadi ya benki zihamishie kwa dada yako, na umwambie wazi kwamba umezihamisha. Unaweza kuweka mipaka ya namna hiyo na bado ukamwekea sahani yake ya chakula cha usiku.

Kuhusu dua na visomo: familia inayoomba pamoja ina nguvu, na viongozi wa dini waliosimama na vijana hawa wamewaokoa wengi. Ninachokuomba ni visiwe badala ya tiba ya hospitali. Sheikh au mchungaji mwema atakuambia umpeleke hospitali leo na dua iendelee. Anayekuambia aache dawa za kliniki kwanza, usimpelekee mwanao.

Methadoni

Mwaka 1965 madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walionyesha kwamba mraibu wa heroini akipewa methadoni ya kunywa kila siku, anaweza kurudi kwenye maisha ya kawaida. Methadoni inakaa kwenye vipokezi vile vile, lakini inapanda polepole na kudumu zaidi ya saa 24. Arosto haiji, hamu inashuka, na kwa dozi sahihi mtu hasinzii wala hapati stimu. Anaweza kuendesha bodaboda, kushona, kusoma, kulea.

Kwetu Tanzania ilianza Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambayo ilitangulia hospitali nyingine zote za umma katika nchi za bara za Afrika kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Kidongo Chekundu kwa Unguja, na mikoani Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, halafu Malindi na Mombasa. Uganda inatoa katika Hospitali ya Butabika.

Ukienda na kijana wako utaona mambo haya. Mara nyingi mgonjwa hupitia kwanza kwenye asasi inayofanya kazi maskani, ambayo inamwandaa na kumpeleka. Atapimwa mkojo, Virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu. Ataulizwa ndugu wa kumsimamia, na hapo ndipo wewe unapoingia. Kisha kila asubuhi atapanga foleni kwenye dirisha la dawa. Nesi anaangalia picha na namba yake kwenye daftari au kompyuta, anamtazama kama amelewa, anamimina dawa ya maji kwenye kikombe kidogo. Anainywa hapo hapo, anashushia maji, na anatakiwa aseme neno kabla hajaondoka, ili ijulikane ameimeza. Siku ya kwanza kipimo hakizidi kwa kawaida miligramu 30. Kinapandishwa pole pole, na wengi hutulia kati ya 60 na 120.

Wiki mbili za mwanzo zinahitaji subira, kwa kuwa dozi bado ni ndogo na arosto inachungulia jioni. Vijana wengi huongezea kete katika siku hizo. Hapo pana hatari kubwa, maana methadoni hujikusanya mwilini siku baada ya siku. Mwambie amweleze nesi kwamba dozi haimtoshi, na wewe msindikize umsaidie kusema.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: si tumebadilisha ulevi kwa ulevi? Jibu langu ni hapana, na silitoi kwa nadharia. Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha majumuisho ya tafiti zilizofuatilia maelfu ya watu wa nchi mbalimbali. Kati ya kila watu 1,000 waliokuwa kwenye methadoni, walikufa kama 11 kwa mwaka. Kati ya kila 1,000 waliokuwa wameiacha, walikufa 36. Mwenye kisukari anayechoma insulini kila siku hatumwiti mraibu wa insulini, na hatumwambii aiache kwa sababu sasa ana afya. Kijana anayeshinikizwa na familia aache methadoni baada ya miezi sita “kwa kuwa amepona” anarudishwa kwenye lile fungu la 36. Kuna wanaomaliza, ndiyo, kwa kushusha dozi kidogo kidogo kwa muda mrefu na daktari wao. Muda huo hupangwa na mgonjwa na daktari, shangazi hapangi.

Yako mambo madogo yanayoharibu tiba, na yanazuilika. Nauli ya kila siku ndiyo ya kwanza, nami naiona kuwa mchango bora ambao ukoo unaweza kuutoa. Bora kuliko kikao cha kumkaripia. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inaifanya methadoni iishe upesi mwilini, na baadhi ya dawa za kifafa na za kufubaza Virusi vya Ukimwi hufanya hivyo pia. Akianza dawa yoyote mpya, kliniki ya methadoni iambiwe siku hiyo hiyo, vinginevyo arosto itamrudisha maskani. Akikosa siku kadhaa mfululizo, asidai dozi yake kamili. Aseme ukweli aanzishwe upya chini. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, ulizeni mapema kuhusu saa za dozi.

Mahali ambapo methadoni haijafika, au kwa aliyechagua njia hiyo, zipo soba. Zanzibar na Dar es Salaam zimezaa nyumba nyingi zinazoendeshwa na watu waliowahi kutumia na wakaacha, kwa mikutano ya hatua 12, na nguvu yao ni ule ushuhuda: kijana anaongozwa na mtu ambaye hawezi kumdanganya. Kabla hujalipa, fika mwenyewe. Uliza kama nyumba imesajiliwa, daktari anakuja lini, wanaruhusu dawa za Virusi vya Ukimwi na za akili, na utaongea na mwanao peke yake lini. Ukiona mnyororo au kovu la fimbo, ondoka naye. Na siku anayotoka, kumbuka zile wiki mbili.

Akizidisha

Soma sehemu hii na kila mtu mzima wa nyumba yako, kisha rudieni.

Aliyezidisha hajibu ukimwita. Pumzi zake zinapita taratibu sana, chini ya kumi kwa dakika, au anakoroma kwa sauti ya majimaji kooni ambayo hukuizoea. Kwa ngozi nyeusi usitafute rangi usoni. Funua midomo uangalie ufizi, na uangalie kucha. Zikiwa za kijivu au za samawati, hewa imepungua.

Mwite kwa jina kwa sauti. Msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu. Asiposhtuka, mmoja atafute gari, mwingine abaki naye. Mlaze chali, inua kidevu ili koo lifunguke, toa kilichomo mdomoni, ziba pua yake, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano uone kifua kinapanda. Kinachomuua ni kukosa pumzi, kwa hiyo pumzi zako ndizo dawa mpaka mfike. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu, ili akitapika asipaliwe.

Usimnyweshe maziwa, yataingia mapafuni. Usimmwagie ndoo ya maji ya baridi, usimtembeze, usimdunge maji ya chumvi, na usimwache “alale itamtoka”. Maneno hayo ya mwisho yameua vijana wengi kwenye sofa za nyumbani kwao.

Hospitalini sema mara moja: “Ametumia heroini.” Ukificha kwa aibu, watahangaika na malaria na kifafa wakati dakika zinakwenda. Ipo dawa iitwayo naloksoni, inayoiondoa heroini kwenye vipokezi na kumwamsha mtu ndani ya dakika 2 hadi 5. Lakini hudumu kama dakika 30 hadi 90 tu, na heroini inaweza kumrudia ikiisha. Hivyo hata akiamka na kukutukana kwamba umemtoa stimu, asiondoke hospitali. Ulizia kwenye kliniki ya methadoni au kwa asasi ya mtaani kwenu kama wanaitoa, na jinsi ya kuitumia.

Kuna neno gumu la kumwambia kijana ambaye bado anatumia, na wazazi wengi huona ni kama kumruhusu. Mwambie hata hivyo: asijidunge peke yake, asichangie bomba wala kijiko wala pamba, anunue bomba jipya duka la dawa kila mara, na akikaa siku chache bila kutumia, asirudie kipimo cha zamani. Utakuwa umempa nafasi ya kufika siku ya tiba akiwa mzima.

Pombe na vidonge

Kwa mlevi wa pombe wa kila siku, kanuni ya arosto inageuka, na kosa hapa ni la hatari. Aliyekuwa akinywa gongo au pombe kali asubuhi hadi usiku, akikatizwa ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kwa kuona vitu visivyokuwepo siku ya pili au ya tatu. Hiyo inaua. Mikono ikianza kutetemeka na jasho kumtoka, mpeleke hospitali apunguziwe kwa dawa na apewe vitamini B1. Vidonge vya valiamu ni vivyo hivyo: haviachwi kwa siku moja. Tena valiamu au pombe juu ya methadoni au heroini huzima pumzi upesi kuliko kila kimoja peke yake.

Binti yako

Wanawake ni wachache kwenye foleni za methadoni, na sababu si uchache wao maskani peke yake. Wanafichwa. Msichana anayetumia hufukuzwa nyumbani haraka kuliko kaka yake, na hulala kwa mtu anayempa kete kwa malipo anayoyajua yeye. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam waliandika habari za wanawake waliokuwa wakijidunga, kisha wakivuta damu yao kwenye bomba na kumpa mwenzao aliyekosa, ajidunge damu hiyo apunguze arosto. Wanawake hao waliita huko ni kusaidiana. Ndivyo umaskini ulivyowafikisha, na ndivyo Virusi vya Ukimwi vilivyopita.

Akiwa mjamzito, asikatishwe ghafla nyumbani. Arosto kali inaweza kuleta matatizo kwa mimba. Apelekwe kliniki aanze methadoni, na wakunga waambiwe mapema. Mtoto akizaliwa anaweza kuwa na arosto yake, ya kulia sana na kutetemeka, na inatibika wodini. Mama aliyetulia kwenye methadoni kwa kawaida anaruhusiwa kunyonyesha, na kunamtuliza mtoto.

Akirudia

Wengi hurudia, mara moja au zaidi. Siku hiyo usihesabu fedha ulizopoteza mbele yake. Uliza kwanza yuko salama, ametumia kiasi gani, alikuwa na nani. Siku inayofuata mrudishe kliniki. Wahudumu wa huko wanajua, na hawamfungii mlango. Tafuta kilichotangulia: dozi ilipungua, nauli ilikosekana, alifiwa, alilipwa mshahara wote kwa mkupuo. Kila jibu lina hatua yake, na hatua hizo ni ndogo: mshahara uingie kwa dada, msiba asiende peke yake.

Na wewe uende kupimwa presha. Uliyelala ukisikiliza mlango kwa miaka unahitaji mtu wa kuzungumza naye, na kliniki nyingi zina mshauri anayeonana na familia. Omba kumwona siku ile ile mwanao anapokunywa dozi.

Ukiwa Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu bure kwa namba 119, nao watakuelekeza kituo kilicho karibu. Kenya, NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wako kwenye 1192. Kabla ya kupiga, andika kwenye karatasi: umri wake, anatumia nini na kwa njia gani, mara ngapi kwa siku, tangu lini, ana ugonjwa gani mwingine, anatumia dawa gani za hospitali, na nani nyumbani atakayeweza kumsindikiza kila asubuhi kwa mwezi wa kwanza. Hilo la mwisho amueni kwenye kikao cha familia leo usiku, kwa jina na kwa zamu.